Santuri Iliyoliwa na Mchwa

Kakamega ina watu watatu wanaokusanya santuri za soul na fanki zilizochapwa upya, na hao watatu hawapendani. Tulikuwa tukikutana kila Jumamosi saa nane mchana nyumbani kwa mfamasia mmoja wa Lurambi, kwa sababu ndiye mwenye spika kubwa. Wa pili ni mhadhiri wa chuo kikuu, mtaalamu wa udongo. Wa tatu ni mimi, mtu wa ofisi ya maji, ninayejua mabomba kuliko ninavyojua muziki, ingawa sijawahi kukiri hilo mbele ya wenzangu.

Utaratibu wetu ungemchekesha mtu yeyote mwenye akili timamu. Unavua viatu mlangoni. Unanawa kwa sabuni, unajikausha, unavaa glavu za mpira ambazo mfamasia huzitoa dukani kwake. Santuri inachomolewa kwenye jalada polepole, inashikwa kingoni, inainuliwa dirishani ikaguliwe kama noti ya elfu, kisha inalazwa juu ya mashine. Wimbo ukianza hakuna kuzungumza. Hakuna kupiga makofi. Na kucheza ndiyo kabisa haramu, kwa sababu sakafu ikitikisika sindano huruka. Huu ni muziki uliopigwa ili watu walowanishe mashati kwa jasho, na sisi tuliusikiliza tumekunja mikono kama watu wanaosubiri majibu ya eksirei.

Wimbo ukiisha ndipo ugomvi huanza. Mhadhiri hunusa jalada. Hunusa kweli, macho ameyafumba, halafu hutangaza karatasi imetoka nchi gani. Mfamasia ana mzani mdogo wa kupimia unga wa dawa, na juu ya mzani huo hupima santuri, kwa sababu kwenye tangazo waliandika kwamba ni nzito naye hapendi kudanganywa. Mimi hutikisa kichwa kwa uzito kama mtu aliyesikia jambo ambalo wengine hawakulisikia. Kuhusu wimbo wenyewe, sikumbuki mara ya mwisho tuliutaja.

Nieleze kidogo kwa wasio na ugonjwa huu. Santuri halisi za miaka ile, hasa za bendi zilizorekodi mara moja zikasambaratika, hazipatikani, na zikipatikana utauza ng'ombe. Kwa hivyo kuna wazungu wenye subira ambao hutafuta nakala moja iliyosalia mahali fulani, wakanakili sauti yake, wakaisafisha kwa kompyuta, kisha wakachapa nakala mpya chache zenye jalada la kupendeza na maelezo marefu nyuma yake. Hizo nazo huisha upesi. Ndizo tunazozinunua sisi, kwa bei ya mbuzi mwenye afya, kitu ambacho majirani wa wazazi wetu walikuwa wakifunikia mitungi ya maji.

Mwaka jana kampuni moja ya Ulaya ilitangaza mkusanyiko wa fanki ya Afrika Mashariki. Mhadhiri alituletea tangazo kwenye simu yake, nami nikawa napitisha kidole tu, nikijifanya nazijua bendi zote. Nikafika kwenye picha ya lebo ya santuri ya zamani. Maandishi yaliyochapwa yalikuwa yamefutika. Juu yake, kwa wino wa buluu, kulikuwa na neno moja kwa herufi kubwa zilizoinamia kushoto: USIGUSE.

Ulikuwa mwandiko wa baba yangu. Aliandika hivyo kwenye kila kilicho chake: santuri, redio, hata chupa ya dawa ya kikohozi. Wazungu, kwa kuwa hawakuona jina jingine, walidhani ndilo jina la wimbo, wakaliandika hivyo kwenye orodha. Upande wa pili, wimbo wa tatu, "Usiguse". Bendi isiyojulikana, wakasema, pengine ya pwani. Sauti ya ajabu inayoupasua wimbo katikati huenda ni ala ya kienyeji ya matambiko.

Bendi yenyewe ilikuwa ya wafanyakazi wa kiwanda cha sukari: makarani wawili, fundi wa mitambo, mpimaji wa miwa, na baba yangu, mtunza stoo. Walipanda lori la sukari hadi Nairobi, wakarekodi alasiri moja, na Jumatatu asubuhi walikuwa kazini. Pwani hawakuwahi kuiona hata kwenye kalenda. Na ala ya matambiko ilikuwa tarumbeta ya baba, ambayo mdomo wake aliuziba kwa kikombe cha bati ili itoe sauti nyembamba ya puani. Kikombe kilikuwa cha mama. Hadi leo kina kibonyeo upande mmoja, naye hukinywea chai.

Niliwaambia wenzangu, bila shaka. Kwa wiki tatu nilikuwa mfalme wa Lurambi. Mfamasia alinipa kiti chake. Mhadhiri aliniuliza baba alitumia tarumbeta ya aina gani, nikamtungia jibu hapo hapo. Nilichowaficha ni jinsi santuri ile ilivyofika Ulaya.

Baba alipofariki, siku ya tatu baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa nyumbani kwetu Shinyalu kugawa vitu vyake, kama desturi ilivyo. Koti lilikwenda kwa baba mdogo. Baiskeli ilikwenda kwa ndugu yangu. Mimi, kwa kuwa ni kifungua mimba, nilipewa gramafoni na sanduku la santuri, na baba mdogo akiwa tayari amelivaa lile koti aliniambia mbele ya watu wote kwamba vitu hivi havitoki katika boma hili. Nikaitikia. Gramafoni ilikufa mwaka uliofuata, na sanduku likabaki chini ya kitanda changu cha zamani nyumbani kwa mama.

Miaka ishirini hivi iliyopita mzungu mmoja alipita vijijini na dalali wa mjini, wakiuliza nyumba kwa nyumba kama kuna santuri kuukuu. Siku hiyo nilikuwa nimemtembelea mama, na mama alikuwa ameenda sokoni Khayega. Ilichukua dakika kumi. Niliona nimewapata wajinga. Zama zilikuwa za sidii, na kwa pesa ile nilinunua mashine ya sidii yenye taa za rangi tatu zilizowaka kwa kufuata mdundo. Niliipenda kupita kiasi.

Mama alipouliza sanduku liko wapi, nilimwambia limeliwa na mchwa. Sikuishia hapo, maana mwongo mwoga hupenda ushahidi. Nilichoma sanduku tupu nyuma ya choo, nikaenda kwenye kichuguu cha shamba la mahindi kando ya mto, nikachota udongo, nikaumwaga chini ya kitanda kwa ustadi. Mama aliinama akatazama kwa muda. Akasema, "Haya." Kisha akachukua ufagio.

Santuri niliyoagiza kwa kampuni ile ilifika Machi, imefungwa kwa nailoni nyembamba inayong'aa. Nilikwenda nayo Lurambi, na kwa mara ya kwanza wenzangu wawili walikubaliana kuhusu jambo.

"Usifungue," mfamasia akasema.

"Ukifungua umeiua," mhadhiri akasema, na akainusa juu ya nailoni.

Kwa wakusanyaji, santuri ambayo haijafunguliwa ni bikira, na santuri iliyofunguliwa ni bidhaa ya mtumba tu. Wakashauri ninunue nakala ya pili ya kusikiliza. Nakala zilikuwa zimekwisha duniani kote. Basi nikairudisha nyumbani, nikaisimamisha juu ya kabati la vyombo, picha ya jalada ikitazama sebuleni. Wageni waliikaribia wakiwa na glasi za juisi mkononi, nikawaambia warudi nyuma.

Mke wangu alivumilia mwezi mmoja. "Kwa hivyo baba yako yuko ndani ya nailoni," akasema, "na wewe unamlinda asitoke."

"Nitaifungua wakati ukifika."

"Mfungulie mama yako. Masikio yake hayakungoji."

Alikuwa na haki. Masikio ya mama yalikuwa yameanza kudhoofika. Pasaka bado alisikia vizuri: alirudi kutoka kanisani akilalamika kwamba wapiga tarumbeta wa siku hizi wanapuliza kama wanaopoza uji, na mmoja alikuwa nje ya noti wimbo mzima. Juni akawa haisikii simu. Tulimpeleka kwa daktari wa masikio, naye akatueleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, nzito hufuata baadaye, na kwamba kwa mama mambo yanakwenda mbio. Alipewa vile vifaa vya kuvaa. Alivivaa siku moja, akasema ni kama kuwekewa nzi kichwani, akavifungia kwenye kitambaa pamoja na pete ya ndoa.

Nilijua basi. Nilimsikia daktari kwa masikio yangu mazima. Na bado sikuifungua santuri, na nikijiuliza kwa nini, sababu ya nailoni ndiyo ilikuwa ya heshima. Ile nyingine ni kwamba wimbo ule una mkwaruzo. Kila mtu nyumbani kwetu anaujua mkwaruzo ule. Wazungu waliandika kwenye maelezo yao kwamba nakala waliyoipata ilikuwa moja tu, na kwamba kwa heshima ya historia wameacha "mruko mmoja wa sindano" mahali pake. Kwa maneno mengine, mama angekaa, angesikiliza, na mruko ule ungemwambia kwamba hii ni santuri yetu, iliyoliwa na mchwa. Mtu wa miaka hamsini, mwenye cheo na kiti cha kuzunguka, nilimwogopa mama yangu kama siku niliyovunja taa ya karabai.

Nikawa nasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukapita, na mwingine.

Oktoba mke wangu alienda Shinyalu peke yake kumpelekea sukari na dawa, na huko akasimama mbele ya mama akapaza sauti mpaka majirani wakajua: kuna santuri ya baba, imetoka Ulaya, iko nyumbani kwetu juu ya kabati. Mama akajibu neno moja tu, "Ilete." Mke wangu alinirudishia neno hilo kwa furaha ambayo sikuipenda.

Jumamosi iliyofuata sikwenda Lurambi. Nilifunga mashine na spika kwenye katoni, nikapanda bodaboda, na santuri nikaipakata kifuani ndani ya koti njia nzima. Dereva aliuliza kama nimebeba mtoto.

Mama alikuwa sebuleni akimenya njugu. Nilimsalimia kwa kupaza sauti, akaniambia nisimpigie kelele, yeye si ng'ombe. Nikaweka mashine mezani, nikaunganisha nyaya, na mwisho nikatoa santuri. Nilikuwa nimekuja na glavu. Kabla sijazivaa mama alinipokonya kile kitu, akachukua kisu chake cha sukuma wiki, akapasua nailoni toka juu hadi chini. Nilifumba macho.

"Unalia nini?" akauliza.

"Silii."

Akaitoa kwa vidole vilivyojaa mafuta ya njugu, akaizungushazungusha kwenye mwanga, akasema ni nzito kuliko ile ya zamani. Mfamasia angefurahi kusikia. Jalada aliliweka juu ya meza, na juu ya jalada akaweka kikombe chake cha bati, kile chenye kibonyeo, kimejaa chai. Nilinyoosha mkono kukiondoa.

"Acha."

Nikaacha.

Niliteremsha sindano kwenye wimbo wa tatu. Mama alivuta kigoda karibu, akaweka kiganja chake juu ya spika, kwenye ubao, kama anavyompima mtoto homa. Ngoma ikaanza, besi ikafuata. Bega lake likasogea. Kisha la pili. Mama yangu, miaka sabini na sita, akaanza kucheza akiwa ameketi, na kwa dakika nzima aliufanyia muziki ule kile ambacho sisi watatu wa Lurambi hatukuwahi kuufanyia kwa miaka sita.

Akainua kidole. "Ngoja," akasema. "Ngoja... hapa!"

Na sindano ikaruka, pale pale aliposema.

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Hapo ndipo niligonga meza ya gramafoni na tumbo! Wewe ulikuwa ndani. Baba yako alinuna siku mbili, akachukua kalamu akaandika usiguse." Alinitazama, akiwa bado anacheka. "Kumbe mchwa walifika mpaka Ulaya."

Niliangalia nyaya.

"Mimi nimekulanga kumbikumbi tangu nikiwa hivi," akasema, akionyesha kimo cha kigoda. "Mvua ikinyesha tunafunika kichuguu na blanketi, tunapiga vijiti watoke, tunakaanga. Mchwa nawajua kuliko wewe. Wanakulanga mbao, wanakula karatasi, wanakula hata kanzu ya padri. Santuri hawalangi. Wangeacha santuri zote hapo zimelala uchi. Na ule udongo ulikuwa wa kichuguu cha chini kwa mto, mwekundu. Chini ya kitanda chako mchwa wa mto wangetoka wapi?"

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umeshauza." Akapunga mkono. "Nyamaza sasa. Baba yako anaingia baada ya hapa."

Nami nikanyamaza, nikaisikia kwa mara ya kwanza tangu nikiwa kijana. Tarumbeta iliingia juu ya ngoma, nyembamba, ya puani, yenye dharau, kama mtu anayemwiga bosi akiwa ameshageuka kona. Alikuwa baba mtupu, hata jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kila mstari. Nikageuka kumtazama mama tufurahi pamoja.

Alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja juu ya spika, anatabasamu, anangoja.

"Mbona haingii?" akauliza.

Niliongeza sauti. Vyombo vikatetemeka kabatini, na kuku waliokuwa mlangoni wakatimka.

"Ngoma naisikia," akasema. "Ngoma iko sawa. Yeye ndiye amechelewa."

Uongo ulinijia upesi, kama kawaida yangu. Ningeweza kumwambia wazungu waliikata sehemu ile. Angeniamini, au angesema "haya" na kuchukua ufagio. Lakini baba alikuwa anapuliza pale kwa nguvu zake zote, kwenye kikombe cha mkewe, na mimi ndiye niliyemweka juu ya kabati la vyombo tangu Machi, nikiwafukuza wageni wenye juisi, wakati Pasaka nzima mama alikuwa na masikio ya kumsahihisha mpiga tarumbeta wa kanisa. Nilijichukia vibaya sana. Niliinama mpaka mdomo wangu ukagusa sikio lake.

"Ameshaingia, mama. Anapiga sasa hivi."

Akanitazama. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Aliondoa kiganja kwenye spika, akakirudisha, akakikandamiza zaidi. Akatafuta. Tarumbeta ikafika mwisho wake, ngoma zikamalizia, na wimbo wa nne, wa watu tusiowajua, ukaanza.

"Rudisha," akasema. "Labda nimepitwa."

Nilirudisha. Nilirudisha mara tisa siku ile, mpaka chai ikapoa na kuacha duara la kahawia juu ya jalada.

Mfamasia alipoiona baadaye alishika kichwa. Alama za vidole, mafuta ya njugu, duara la kikombe, vumbi. Mhadhiri aliinusa akasema inanuka jikoni. Wakanipa pole kama mfiwa, na nadhani walimaanisha. Tangu hapo sijarudi Lurambi. Nasikia wanatafuta mtu wa tatu.

Jumamosi saa nane huwa niko Shinyalu. Mashine nimeiacha huko. Mama hukaa kwenye kigoda chake, kiganja juu ya ubao, na tumekubaliana kwamba tarumbeta ikiingia nitamshika bega, na ikitoka nitamwachilia.

"Ameanza?" huuliza.

"Ameanza, mama."

Hapo hutulia, macho chini, mpaka nimwachilie. Wiki iliyopita simu kutoka ofisini iliita katikati ya wimbo, bomba limepasuka mahali, nikanyoosha mkono wa pili kuinua sindano. Mama akanikamata kifundo cha mkono, na kwa mwanamke wa umri wake ana nguvu.

"Mwache amalize," akasema.